Ulikata Sawa, Waya

Mama aliacha kitenge yadi tatu. Kilikuwa cha buluu iliyokolea, na ndege weupe wanaoruka wote upande mmoja. Alikuwa amenunua yadi sita, kama vitenge vinavyouzwa, akajishonea gauni kwa nusu ya kwanza. Nusu iliyobaki aliikunja, akaifunga kwa gazeti na kuiweka chini ya godoro. Hakusema ni ya nani. Ng'ombe alisema. Shamba lilikuwa limeshasemwa tangu zamani. Kitenge hakukisema, na ndicho kilichoniletea shida, maana mambo makubwa yana wazee wa kuyaamua na mambo madogo yanaachiwa mtu mmoja na mkasi wake.

Nyumbani kwangu Kisumu nina wasichana wawili. Mmoja nimemzaa, ana miaka 10. Mwingine ni wa marehemu kaka yangu, ana miaka 14, na amekaa nami tangu alipokuwa na miaka 9. Huyu huniita Waya, yaani shangazi. Kwa hesabu ya ukoo wetu yeye ndiye mtoto wa boma lile la mama. Binti yangu kule ni okewo, mtoto wa binti, mgeni anayependwa. Kwa hesabu ya nyumba yangu mambo yako kinyume. Kila mtu anayelea mtoto wa ndugu anajua kuishi kati ya hesabu hizi mbili, na anajua pia kwamba kuna macho yanayohesabu pamoja naye.

Ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilipokaribia, nikaamua kitenge kile kiwe marinda mawili, moja kwa kila mmoja, wavae siku hiyo Asembo. Pesa ya fundi ilikuwa imeshageuka nyanya, mchele na sufuria za kukodi. Nilikuwa na cherehani ya mama, Singer ya kukanyaga. Na nilikuwa nimejifunza kushona rinda moja tu maishani mwangu.

Nilieleze, kwa sababu ninayotaka kusema yamo ndani ya namna linavyoshonwa. Ni lile rinda la lastiki, ambalo kifua chake kimejaa mistari ya mikunjo midogo midogo, na kuanzia chini ya kifua linaachia tu hadi magotini au miguuni. Kwenye video za Wazungu linaitwa rinda la kiangazi. Kisumu kiangazi hakiji na kuondoka kama mgeni. Jua ni letu mwaka mzima, na ukitembea mwezi wa pili kutoka Kondele hadi stendi saa saba mchana utaelewa mwenyewe kwa nini mtu anataka nguo isiyomshika popote ila kifuani.

Halihitaji karatasi ya kukatia. Fundi wa mashati ana karatasi zake za kaki zimening'inia ukutani, mgongo, mkono, kola, kila moja na saizi yake, na anazilaza juu ya kitambaa na kuzifuata kwa chaki. Rinda hili ni mstatili mmoja. Upana wa kitenge, inchi 45 hivi, unakuwa urefu wa rinda. Kisha unapima kwa kufuata urefu wa kitambaa, kiasi cha mara mbili ya kifua cha mvaaji, ama pungufu kidogo. Wengine huridhika na mara moja na nusu. Juu unapiga pindo jembamba. Halafu inakuja kazi ya uzi wa lastiki. Unauzungusha kwenye bobini kwa mkono, polepole, bila kuuvuta, kwa sababu ukiachia mashine iuzungushe itaukaza na mikunjo haitakuja sawa. Uzi wa juu ni uzi wa kawaida. Unarefusha hatua ya mshono, unapiga mstari wa kwanza, unaacha nusu inchi, unapiga wa pili, hivyo hivyo hadi kumi na mbili. Mistari ya kwanza itakukatisha tamaa, kitambaa kinajikunja kidogo tu kama kinakudharau. Ukimaliza unanyunyizia maji na kupitisha pasi ya moto juu juu, bila kukandamiza, na hapo kitambaa kinajivuta mbele ya macho yako hadi kubaki karibu nusu ya upana wake. Mshono mmoja nyuma. Kamba mbili za mabegani. Pindo la chini. Jioni moja, imekwisha.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Kibuye, Jumapili moja soko lilipokuwa limefurika hadi barabarani na yeye anashona huku akiongea na watu watatu. Nilimwuliza vipimo. Akacheka. "Hii, dada, hata usipime sana. Inavutika. Itaingia kila mtu."

Nilipenda sana maneno hayo.

Usiku wa kukata niliwaita wote wawili mezani. Nilitaka waone. Yadi tatu ni inchi 108. Nilikikunja kitenge katikati, ncha kwa ncha, nikalainisha kwa kiganja, nikapiga chaki juu ya mkunjo na kukata. Inchi 54 huku, inchi 54 kule. Nikawaambia wachague, nani anataka kipande gani, ingawa hapakuwa na cha kuchagua. Binti yangu alichukua cha kushoto. Yule mkubwa akasema, "Chochote tu, Waya." Nililala vizuri usiku ule. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nzima.

Tulipanda matatu ya Bondo Jumamosi asubuhi, tukapita Kisian, Holo, Kombewa, hadi Ndori, kisha boda hadi nyumbani. Watu walisifu. Ndege wa dani wao, wakasema, wamerudi wawili. Shangazi mmoja mzee aliwashika wasichana mabega, akawageuza, akavuta upindo wa huyu na wa yule, akaniangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijua anachopima. Nilifaulu mtihani wake.

Walishinda na marinda hayo tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku: ibada, hotuba, kugawa chakula, kuosha vyombo, safari ya kurudi. Usiku, nyumbani, mkubwa aliniomba nimfungulie kamba za mabegani kwa sababu fundo lilikuwa limekazika. Rinda liliposhuka nikaona mgongo wake. Mistari kumi na miwili. Mwekundu, iliyodidimia kwenye ngozi, nusu inchi kati ya mmoja na mwingine, iliyonyooka kabisa kama iliyopigwa kwa rula. Chini ya kwapa la kulia ngozi ilikuwa imechubuka.

Nikamwuliza kama inauma. "Niko sawa, Waya."

Hesabu ni rahisi mno hata inatia aibu kuiandika. Kifua cha mdogo ni inchi 28. Cha mkubwa ni 36; ana mabega ya baba yake. Vipande vyote viwili vilikuwa 54, na lastiki na pasi zilivivuta vyote hadi 27 hivi. Kwa mdogo, rinda lilipumua naye tu. Kwa mkubwa, lilivutwa inchi tisa zaidi ya lilivyotaka, saa kumi na moja mfululizo. Nilipomtazama vizuri kwenye picha za ile siku niliona jambo ambalo hakuna aliyelitaja: kifuani kwa mdogo marinda yamejaa, na kifuani kwa mkubwa hakuna marinda. Kitambaa kimenyooka, na ndege wamepanuka hadi wanafanana na bata.

Kesho yake nilimwuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anachambua omena, na aliendelea kuchambua. Akasema bila hasira yoyote, "Ulikata sawa, Waya. Ningesema nini?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na msiba.

Ningesema nini? Kama ningemkatia inchi 40 na kumpa mwenzake 68, angekuwa na la kusema. Hata kama asingelisema kwangu, angelisema moyoni, ama kwa rafiki yake, ama kwa yule shangazi mzee, na maneno yangekuwepo tayari yakimngoja: nimeonewa, nimepunjwa, yatima hana kwao. Lakini nilikata katikati, mbele ya macho yake, na nikamwambia achague. Nilimpa nguo inayomuuma na wakati huohuo nikamwondolea maneno ya kulalamikia. Kumbuka alikuwa amechagua mwenyewe. "Chochote tu."

Sasa, sitaki kuutupa usawa kama gunia lililotoboka. Kuna sababu watu wanaukimbilia. Mtu mzima mwenye mkasi ambaye anajiambia kwamba atampa kila mtoto kulingana na hali yake ni mtu wa kuogopwa, maana ni yeye huyohuyo anayeamua hali ya kila mtoto ni ipi. Nimekaa kwenye mikutano ya familia ya kutosha kujua maneno hayo yanakwenda wapi. "Huyu hahitaji viatu vipya, amezoea." "Huyu shule ya kutwa inamtosha, si kama wale." Mayatima wengi wa pwani hii ya ziwa, na miaka ile ya UKIMWI iliwafanya kuwa wengi sana, wamelelewa chini ya hekima ya namna hiyo, ya watu waliosema wanaangalia hali. Katika nyumba kama hizo, mtu akikunja kitambaa katikati anakuwa amefanya mapinduzi. Mkunjo hauna mpwa wala binti.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu. Ila nikisema kweli, sababu yangu haikuwa hiyo. Sikukata katikati kwa ajili ya mtoto wa kaka. Nilikata katikati kwa sababu sikujiamini. Naogopa, na nimeogopa kwa miaka mitano, kwamba nampenda wangu zaidi, na kwamba siku moja mkono wangu utanisaliti kwenye nyama ya mchuzi, ama kwenye blanketi, ama kwenye kitenge. Mkunjo wa katikati uliniokoa na mkono wangu. Ulikuwa karatasi ya kukatia, na mimi nilidhani nashona bila karatasi. Niliilaza juu ya watoto wawili, nikaifuata kwa chaki, na mstari ukanyooka.

Na kuna jambo jingine, dogo zaidi na baya zaidi. Ili kumpima mtu kifua lazima umzungushie kitu. Lazima ainue mikono, usogee, umguse. Yule msichana mwili wake umebadilika mwaka huu mmoja tu, anatembea amekumbatia vitabu, na mimi nilikuwa sijajua niseme nini juu ya mabadiliko hayo, basi nikawa sisemi. Fundi wa Kibuye aliponiambia hata usipime, inavutika, nilisikia ruhusa. Fundi mwenyewe, naamini, alikuwa na maana nyingine. Mtu aliyeshona miaka ishirini akikutazama mara moja ameshakupima. Macho yake ndiyo futi yake. Kutokuwa na karatasi kunataka jicho lifanye kazi yote ambayo karatasi ingefanya. Mimi sikuwa na karatasi na sikutumia jicho.

Mwaka 1979 Amartya Sen, mwanauchumi kutoka India, alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Stanford ambao kichwa chake kilikuwa swali: usawa wa nini? Alikuwa anasema kwamba karibu kila anayedai haki anadai usawa wa kitu fulani, na ugomvi wenyewe ni juu ya hicho kitu. Nilisoma hilo chuoni nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Halikuniingia hadi nilipokaa na lile kasha la mabaki ya ushonaji. Maana marinda yale hayakuwa sawa hata kwa kitambaa! Mdogo ni mfupi. Rinda lake nililipunguza urefu, kutoka inchi 45 hadi 30, nikabaki na utepe mpana wa inchi 15. La mkubwa nililiacha refu. Kwa hiyo kwa ukubwa wa kitambaa walichovaa, mkubwa alikuwa amepata zaidi, na mimi sikuona kuwa nimempendelea, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye upana peke yake. Kila mtu aliona ni jambo la kawaida kwamba mtu mrefu apate nguo ndefu. Mbona halikuwa jambo la kawaida kwamba mtu mpana apate nguo pana? Ningefuata miili kwa upana pia, mdogo angepata inchi 47 na kitu, mkubwa 60 na kitu, na kila mmoja angekuwa na karibu mara 1.7 ya kifua chake. Inatosha kabisa kwa rinda la lastiki. Hakuna ambaye angekuwa na mistari mgongoni.

Nchi nzima tumewahi kubishana juu ya kitenge hiki. Mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki baada ya wiki kwenye mgao wa pesa za kaunti 47. Upande mmoja ulitaka idadi ya watu iwe na uzito zaidi, na mitaani hoja hiyo ikawa wimbo: mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Unasikika vizuri, kama mkunjo wa katikati. Upande mwingine ulisema kwamba mtu mmoja wa Marsabit yuko mbali na hospitali kuliko mtu mmoja wa Kiambu, na shilingi moja haitembei umbali uleule. Katiba ya 2010 yenyewe inataka mapato yagawanywe kwa haki, na kando ya hapo ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyoachwa nyuma. Nakumbuka niliwacheka maseneta, ati watu wazima wanashindwa kugawa. Nilikuwa upande wa shilingi moja, kama mnataka kujua.

Aristotle ana mfano ambao mafundi wangeupenda. Anasema sheria husema kwa ujumla, na mambo ya watu hayaji kwa ujumla, kwa hiyo wakati mwingine inabidi kuinyoosha sheria pale ilipopungukiwa. Anaifananisha kazi hiyo na rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa Lesbos: haikai wima, inapinda kufuata umbo la jiwe. Sisi tumekuwa nayo rula hiyo siku zote. Ni uzi. Kabla ya futi za plastiki, na hata sasa ukimkuta fundi amesahau yake, anachukua kamba, anakuzungushia, anafunga fundo palipokutana. Haina namba. Ukimpelekea mtu mwingine hiyo kamba haimsaidii, isipokuwa kumwambia kwamba kuna mtu mahali fulani mwenye kifua cha ukubwa huu.

Lakini Aristotle hanijibu lililo langu. Rula inayopinda inapindwa na mkono, na mkono ndio niliokuwa nauogopa. Hapo nimepata msaada zaidi kwa mtu wa huku kwetu. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Siaya mwaka 1944 na kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, anajulikana zaidi kwa kazi yake ya kuwatafuta wazee wenye hekima na kuandika fikra zao. Watu husahau kwamba aliandika pia juu ya misaada ya kigeni, na humo akatetea kitu alichokiita haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya, riziki. Bila hivyo, alisema, mtu hawezi kufanya kazi ya kuwa mtu, na hawezi kudaiwa kuheshimu haki nyingine za wenzake. Jinsi ninavyomwelewa, swali lake la kwanza si kama watu wamepata sawa. Ni kama kuna aliye chini ya pale ambapo mtu anaweza kusimama.

Na Kiswahili kilikuwa kimeshaniambia hayo, sikusikia. Tukimvisha mtu nguo hatumwulizi kama iko sawa na ya mwenzake. Tunauliza: inakutosha? Neno lilelile tunalotumia kwa chakula kwenye sahani tunalitumia kwa nguo mwilini. "Sawa" ni neno jingine kabisa, na huku Kenya tumelichosha. Ni jibu la simu, ni jibu la bosi, ni namna ya kufunga mazungumzo. Niko sawa. Ni sawa tu. Sawasawa. Mtoto anayejua kwamba kitanda anacholalia si cha mama yake hujifunza neno hilo mapema na kulitumia vizuri kuliko sisi. Mimi nilimwuliza, siku ile ya kukata, "Mko sawa?" Wote wawili wakaitikia kwamba wako sawa. Sikuuliza kama inatosha, na ukitaka jibu la "inatosha" lazima kwanza nguo iguse mwili.

Utepe ule wa inchi 15 ulikuwa ndani ya kasha la mabaki. Nilikuwa nimeuweka kwa ajili yangu, nijifunge kichwani. Nilipoutoa, yule mkubwa aliutazama kidogo tu, nikajua kwamba alikuwa anajua uko pale, tangu usiku wa kukata. Alikuwa ameuona ukianguka mezani. Ulikuwa wa Waya, basi.

Nilimwomba ainue mikono. Akainua, akiangalia dirishani. Nilitumia uzi, si futi, sijui kwa nini. Labda sikutaka kusoma namba kwa sauti. Nilifunga fundo. Kisha nikafumua mshono wa nyuma wa rinda lake, nikakata kwenye utepe kipande cha urefu wa rinda lote, nikakipiga mistari kumi na miwili ya lastiki kama ile mingine, nikakipitishia pasi, na kukishona pale mgongoni kama ubao unaoongezwa kwenye mtumbwi. Kazi yake ni ngumu kuliko kushona rinda jipya, kwa sababu mistari ya zamani lazima ikutane na mipya, na lastiki ukiifumua ncha zake zinakimbia. Nilirudia mara mbili. Jumla yake ikawa inchi 68 hivi, karibu mara 1.9 ya kifua chake, sawa kabisa, ukitaka kulitumia neno hilo, na mwenzake.

Ila utepe ulikuwa umekatwa kwa kulala. Ndege wa mgongoni hawaruki pamoja na wengine. Wanapanda juu, wameelekea shingoni. Mtu yeyote akimtazama kwa nyuma ataona kwamba rinda hili liliongezwa. Nilimwambia naweza kutafuta kitambaa cha buluu tupu Jubilee, kifanane zaidi. Akajigeuza mbele ya kioo, akajaribu kujiona mgongo, akakunja mikono, akaiachia, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi.

"Inatosha," akasema.

Sijui ningefanya nini kama utepe usingekuwepo. Januari hakuna utepe. Karo ni yadi tatu tu, na mmoja wao anaingia darasa linalodai zaidi, na nitakaa mezani na karatasi nikijaribu kujua kama ninachokiita hali yake ni hali yake au ni mimi. Nilichojifunza hadi sasa ni kwamba nitawauliza kabla ya kukata, nikiwa nao mmoja mmoja, chumbani, si mezani mbele ya mwenzake.

Binti yangu aliliona rinda likiwa limeanikwa. Akazunguka nyuma yake, akahesabu ndege wanaopanda juu, akaja jikoni.

"Kwa nini lake limeongezwa na langu halijaongezwa?"

Nikamwambia, "Lako linakutosha."

"Lakini hukuniuliza."

Nikazima jiko, nikamwambia alete. Akalivaa juu ya nguo za nyumbani. Kifua kilikuwa kizuri, hapo sikuwa nimekosea. Lakini kamba za mabegani nilikuwa nimezishona karibu mno, zinaingia shingoni akiinama, na alikuwa amevaa hivyo siku nzima ile Asembo, akiinama kuosha vikombe na wenzake. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua.